Barua ya wazi: Vidonge vya siku 28 vikiisha, manusura anabaki na nani?

Nairobi

Kwa wenye dhamana ya hospitali za umma, vituo vya afya na madawati ya jinsia jijini Nairobi

Waheshimiwa,

YAH: KUTELEKEZWA KWA MANUSURA WA UKATILI WA KINGONO BAADA YA MATIBABU YA KWANZA

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni washauri nasaha, wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya ya jamii tunaowahudumia waliobakwa, walionajisiwa na waliodhulumiwa kingono katika jiji hili. Tutakayoyasema si mageni kwenu. Tumeyasema mikutanoni, tukayaandika, na barua zetu zikapigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri tunao, jibu hatuna. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Hakikusema maombi hayo yawe ya faraghani, kwa hiyo leo tunayaleta mbele ya watu.

Tuseme kwanza lililo la haki. Anayefika hospitalini ndani ya saa 72 ana nafasi nzuri ya kupata PEP ya kuzuia VVU, kidonge kimoja kila siku kwa siku 28. Anayefika ndani ya saa 120 anaweza kupewa vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, hivi ambavyo mtaani huitwa P2. Kuna chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kuna fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa, yenye nakala tatu: ya polisi, ya manusura na ya hospitali. Wahudumu wengi siku hizi wanajua kwamba nguo za tukio hufungwa kwa karatasi na wala si kwa mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu, unyevu huleta kuvu, na kuvu huharibu ushahidi wa DNA. Hayo yalipiganiwa miaka mingi na hatuyadharau.

Ila tazameni yote hayo yanahusu nini: virusi, mimba na ushahidi. Yule mtu mwenyewe, anayetakiwa kulala usiku, kupanda matatu asubuhi, kurudi kibandani kwake kuuza, kuguswa begani bila kuruka, hayumo kwenye mpango wala kwenye bajeti. Malalamiko yetu ni haya.

1. Baada ya siku ya 28 hakuna anayeuliza

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 uliwafuatilia wanawake waliobakwa kwa wiki 12. Siku kama 12 baada ya tukio, asilimia 94 walikuwa na dalili za kiwewe: jinamizi, kushtuka ovyo, kukwepa watu na mahali, picha za tukio kujirudia mchana kweupe. Kufikia mwezi wa tatu, asilimia 47 bado walikuwa nazo. Kwa hiyo karibu nusu ya watu hutulia kwa muda na kwa msaada wa watu wao, na nusu iliyobaki haitulii yenyewe. Siku ya kwanza wote wanafanana. Huwezi kumtambua wa kundi la pili usipomwona tena wiki ya pili, wiki ya sita na mwezi wa tatu.

Na kumwona tena si jambo la kuanzisha upya, maana anarudi. Chanjo ya homa ya ini hutolewa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita. Vipimo vya VVU hurudiwa. Mtu huyu anakuja, anakunja mkono wa blauzi, muuguzi anadunga, anatia tarehe kwenye kadi, anasema "haya, mama, tuonane tarehe hiyo." Dakika mbili. Katika dakika hizo hajaulizwa kama analala, kama kuna mahali ameacha kwenda, kama tukio linamrudia akiwa macho, kama amewaza kujidhuru. Maswali manne tu. La mwisho likijibiwa ndiyo, haruhusiwi kuondoka kabla ya kuonana na mshauri siku hiyohiyo.

Hata hizo siku 28 zenyewe wengi hawazimalizi. Vidonge huleta kichefuchefu kwa baadhi. Chupa inalia mkobani na majirani wanajua mlio ule ni wa nini. (Kipande cha pamba ndani ya chupa kinanyamazisha. Ni jambo la sekunde tano kumwonyesha mtu, lakini lazima awepo wa kumwonyesha.) Simu moja siku ya tatu na nyingine siku ya kumi zingewabakisha wengi kwenye dawa.

2. Hatuna chumba

Hatudai jengo. Tunadai chumba cha mita tatu kwa tatu chenye mlango unaofungika, ukuta unaofika darini, viti viwili na maji ya kunywa. Vituoni kwingi ushauri nasaha hufanyiwa nyuma ya pazia, au kwenye stoo iliyokatwa kwa plaiwudi, upande wa pili foleni ya kliniki ya watoto inasikiliza. Viti viwekwe kwa pembe kidogo, si uso kwa uso kama polisi na mshukiwa, na manusura akae upande wa mlango, njia yake ya kutoka isizibwe na mtu wala meza. Aliyewahi kufungiwa ndani huangalia mlango kwanza, kabla hajakuangalia wewe.

Kibao cha mlangoni kiwe namba tu. Kuandika "Kitengo cha Ukatili wa Kijinsia" kwa herufi nyekundu ni kumtangaza kila anayebisha. Na tafadhali, komesheni ile ya kuita kwa sauti kwenye korido: "Yule wa rape yuko wapi?" Tunaisikia mpaka leo.

3. Siku ya kwanza tunamuumiza tena

Anasimulia kwenye dawati la jinsia, anasimulia kwa afisa wa zamu, anasimulia mapokezi ili apewe kadi, anasimulia kwa afisa wa kliniki, halafu mshauri mchanga aliyefundishwa juujuu anamwambia "toa yote, utasikia nafuu." Shirika la Afya Duniani halishauri kumsukuma mtu asimulie tukio zima katika kikao kimoja cha siku za mwanzo. Kinachotakiwa siku hiyo ni kumsikiliza anachotaka kusema, kumwuliza anahitaji nini sasa, kumwamini, kuhakikisha ana mahali salama pa kulala, na kumuunganisha na msaada. Akitaka kunyamaza, anyamaze.

Jingine ni diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Mtu analia, halali, anaandikiwa diazepamu aende nyumbani. Shirika hilohilo linashauri dawa za kundi hilo zisitumiwe kutibu mshtuko wa mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Mwili huzizoea, na hazitibu kiwewe. Tunaelewa kwa nini zinaandikwa: ndizo zilizoko kabatini, na mshauri hayupo.

Uchunguzi wa sehemu za siri nao hufanywa kwa pupa. Spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, ikiwa baridi, "lala, panua miguu, usijikaze." Maneno hayohayo huenda aliambiwa na mbakaji. Kila hatua ielezwe kabla ya kufanywa. Kifaa kipashwe kwa maji ya vuguvugu. Manusura apewe neno lake la kusimamisha, na likitamkwa mkono wa mhudumu usimame papo hapo, hata kama sampuli haijakamilika. Uchunguzi unaongezeka dakika kumi. Ndani ya dakika hizo kumi mwili wake unaanza kuwa wake tena, kwa sababu amesema "simama" na mtu akasimama.

4. Kujiamini kunarudi kwa mazoezi, na mazoezi yanahitaji mtu na muda

Hapa tunaomba mtuvumilie, kwa sababu ndipo penye kiini cha barua hii. Watu wanadhani kujiamini hurudi kwa maneno matamu: "wewe ni shujaa," "samehe usahau," "muda utaponya." Manusura akiyasikia huitikia kwa kichwa, kisha anarudi kuzunguka njia ndefu ili asipite pale.

Kukwepa ndiko kunakolisha hofu. Kila mara anapogeuza njia, anapata nafuu ya dakika chache, na ubongo unaandika: nimepona kwa sababu nimekimbia. Kesho hofu inaongezeka eneo. Ilianza na kichochoro kimoja, ikawa stegi nzima, ikawa jioni zote, mwishowe ni mlango wa nyumba.

Njia ya kuigeuza inajulikana na ina hatua. Tuchukue mfano wa mtu aliyeshambuliwa jioni akitoka stegi. Yeye na mshauri wanaandika orodha ya vitu anavyovikwepa, hatua nane hadi kumi, na kila moja yeye mwenyewe anaipa alama ya hofu, 0 hadi 100. Kusimama kwenye geti la plot saa kumi alasiri na dadake: 35. Kwenda dukani peke yake mchana: 45. Kufika stegi mchana na mtu: 55. Kufika stegi mchana peke yake: 65. Kukaa pale saa kumi na mbili jioni na mtu: 80. Kushuka matatu jioni na kutembea nyumbani kwa njia kuu yenye taa: 90. Anaanza na ya 35, siyo ya 90. Anabaki pale mpaka hofu ishuke karibu nusu, na mara nyingi hiyo huchukua nusu saa hadi dakika 45. Anarudia hatua hiyohiyo siku baada ya siku mpaka imchoshe, ndipo apande inayofuata.

Makosa tunayoyaona ni yaleyale. Anaondoka hofu ikiwa kileleni, na hapo amejifunza kukimbia tu. Jamaa wanamsukuma aanze juu "azoee haraka." Anafanya mara moja kwa wiki badala ya karibu kila siku. Au rafiki hamwachi hata hatua moja, na ujasiri unakuwa wa rafiki. Kosa kubwa kuliko yote ni kutumia mazoezi haya mahali ambapo hatari ingalipo. Ikiwa mshukiwa anaishi mlango wa tatu katika plot ileile, hofu yake haina kasoro yoyote. Hapo kazi si ya mshauri, ni ya polisi. Na polisi wakumbushwe kwamba Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 hakikumpa mkuu wa kituo, chifu wala wazee wa mtaa mamlaka ya kusitisha kesi ya aina hii. Mbuzi na pesa ya soda havimhamishi mshukiwa kutoka mlango wa tatu.

Tiba kamili ya namna hii huchukua vikao 8 hadi 15, kila kimoja kama dakika 90, kwa mshauri aliyefunzwa na anayesimamiwa. Anachopata manusura wengi leo ni kikao kimoja, nacho cha kujaza fomu.

5. Swali la "mbona hukupiga kelele?"

Huulizwa kituoni, nyumbani, kanisani, na, tunasikitika kusema, hospitalini. Swali hilo peke yake linaweza kubomoa kazi ya wiki sita. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2017 matokeo ya wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya waliobakwa jijini Stockholm: asilimia 70 walieleza kwamba mwili uliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Sauti haitoki, mikono hainyanyuki. Mwili hujifunga wenyewe, bila kumwomba mwenyewe ruhusa, na baadaye ndiye anayebeba lawama.

Mshauri mzuri hamwambii tu "si kosa lako." Anamwacha aiandike hukumu aliyojipa, kwa maneno yake, kisha wanaipima pamoja: ulijua nini wakati ule, ambacho leo unajua zaidi? Nguvu zako na zake zilikuwaje? Ungemwambiaje mdogo wako kama ingekuwa ni yeye? Hukumu hailegei kikao cha kwanza. Inalegea cha nne au cha tano, ndiyo maana kikao kimoja hakitoshi.

6. Wanaosahaulika

Wanaume na wavulana hufika wakisema wana maumivu ya tumbo, na hakuna anayeuliza zaidi. Manusura viziwi hutafsiriwa na jamaa, ambaye pengine ndiye mshukiwa au ndugu wa mshukiwa. Watoto huhojiwa mbele ya mzazi anayewakatiza. Wanaotumia kiti cha magurudumu hukuta chumba cha ushauri kiko ghorofa ya pili, na lifti haifanyi kazi.

7. Na sisi wenyewe

Mshauri anayesikiliza ubakaji siku tano kwa wiki bila msimamizi wa kumsikiliza yeye huishia kuwa mkavu au kuacha kazi. Kikao cha usimamizi mara mbili kwa mwezi ni sehemu ya tiba, kama glavu zilivyo sehemu ya upasuaji.

Majibu tunayoyatarajia

"Hakuna wataalamu." Kweli, wataalamu wa akili ni wachache. Lakini upo mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao PM+: vikao vitano, kimoja kwa wiki, kila kimoja dakika 90. Unafundisha kupumua polepole, kukabili tatizo moja baada ya jingine, kurudi kwenye shughuli mtu alizoziacha na kujenga upya mzunguko wa watu wa kumsaidia. Ulijaribiwa hapahapa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia, ukitolewa na wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha mfadhaiko ulipungua. Ushahidi ulitoka mitaani kwetu. Kwa nini tunauona kwenye vitabu na hatuuoni vituoni?

"Manusura hawarudi." Angalieni kinachowazuia. Kliniki ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa za kibarua. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha jioni. Mapokezi wanamtoza kadi, ilhali Sheria ya Makosa ya Kujamiiana na kanuni zake za matibabu za 2012 zinaweka gharama hiyo kwa serikali. Simu ya kumkumbusha inapokelewa na mume, na sauti inajitambulisha kwa jina la kitengo. Nani angerudi?

"Ushauri utaharibu ushahidi, ungoje kesi iishe." Kesi huchukua miaka. Mshauri hamkaririshi mtu maneno ya mahakamani, na shahidi aliyetulia hueleza vizuri kuliko anayetetemeka. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli, na kuandika sababu zake. Sauti hiyo ndiyo kesi yenyewe; itunzwe.

"Fedha hazipo." Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamuru manusura wanne wa ukatili wa kingono wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 walipwe Sh4 milioni kila mmoja, kwa sababu serikali haikuwalinda wala kuchunguza. Hayo ni malipo ya watu wanne. Kupuuza nako kuna ankara yake.

Tunachoomba

(a) Kila hospitali ya kaunti na kila kituo cha afya kinachotoa PEP kiwe na chumba kimoja cha ushauri kama tulivyokieleza, chenye namba tu mlangoni.

(b) Kila manusura apewe jina la mshauri mmoja na tarehe tano za vikao kabla hajatoka siku ya kwanza. Wanaohitaji zaidi ya vitano wapelekwe kwa mshauri wa tiba kamili, naye ajulikane ni nani na yuko wapi.

(c) Simu siku ya tatu na ya kumi, kwa namba na saa aliyochagua mwenyewe, kwa maneno mliyokubaliana naye. Asipopokea, usiache ujumbe.

(d) Maswali manne yachapishwe kwenye kadi ya chanjo na ya kipimo cha VVU.

(e) Kliniki moja Jumamosi na moja jioni kila wiki katika kila kaunti ndogo, na nauli ilipwe kwa M-Pesa siku hiyohiyo.

(f) Mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya apatikane kwa simu ya video, na jamaa asitumiwe kamwe kutafsiri.

(g) Daftari la mshauri litunzwe kando na faili la wodi, kabati lifungwe, ufunguo uwe kwake.

Pamoja na hayo, kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba mtueleze kwa maandishi ndani ya siku 21, kwa kila kituo na bila majina ya watu: manusura wangapi walihudumiwa mwaka uliopita, wangapi kati yao walionekana tena mwezi wa tatu, kuna washauri wangapi, na ni kiasi gani cha fedha kilitengewa ushauri nasaha.

Tuko tayari kuja ofisini tukiitwa, siku yoyote, tukiwa na michoro ya chumba na makadirio ya gharama.

Wenu katika huduma,

Washauri nasaha, wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya ya jamii, Nairobi

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni lake: namba ya msaada kwa manusura, 1195, hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Ya watoto ni 116. Ikiwa saa 72 hazijapita, nenda hospitali kwanza. Taarifa polisi inaweza kuandikishwa baadaye, na matibabu hayangoji namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi.